Kutoa Hesabu ya Kazi

Kila aliyekabidhiwa mali ya wenzake ana deni la namna mbili: deni la kuitumia vema, na deni la kueleza jinsi alivyoitumia. Deni la kwanza hulipwa kwa kazi. La pili hulipwa kwa neno. Watu wengi hudhani kuwa la pili ni jepesi. Mimi naliona zito, na nakuomba, msomaji, ulipime pamoja nami.

Fikiri juu ya Mogogosiek, katika Kaunti ya Bomet, mahali ambapo vilima vimevikwa chai toka bondeni hata kileleni. Mkulima huchuma, kisha huchukua majani yake kituoni yakapimwe. Mzani husema kilo tu. Hausemi kama yaliyoletwa ni majani mawili na kichipukizi, au ni majani magumu yaliyokomaa mtini. Majani magumu yana uzito, lakini hayatoi chai njema. Kwa sababu hiyo karani mwangalifu hautegemei mzani peke yake. Huyageuza majani kwa mkono na kuyakagua. Ajua ya kuwa kilo nne na zaidi za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai kavu, na ya kuwa mnywaji hataulizia uzito wa majani, ataulizia ladha ya chai.

Kazi za serikali nazo zina mzani wake. Kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutakiwa kutoa taarifa katika miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kwisha, na Bunge la taifa au la kaunti hupewa miezi 3 ya kuijadili na kuchukua hatua. Taarifa hiyo yapasa kueleza kama fedha zilitumiwa kwa halali, na pia kama zilitumiwa kwa njia yenye manufaa. Msimamizi wa Bajeti naye hupeleka taarifa Bungeni kila miezi 4. Tena, tangu mwaka 2004, mashirika ya umma yalianza kutia sahihi mikataba ya utendaji, ili kila moja lipimwe kwa ahadi zake lenyewe. Sheria hizi ni njema. Lakini sheria ni mzani. Bado wahitajiwa mkono wa kuyageuza majani.

Tuseme idara fulani ya maji yaandika hivi: mabomba ya kilomita 10 yamelazwa, mikutano 12 na wananchi imefanyika, fedha zote zimetumika. Kila tarakimu ni sahihi. Lakini mabomba ni makavu, na mama wa kijijini bado hushuka mtoni na mtungi wake. Je, idara imesema uongo? Ukichagua neno moja moja hutaona uongo. Ukiisoma taarifa nzima utaona hadaa. Watu hawakutoa fedha zao ili mabomba yalazwe, walizitoa ili wapate maji. Ukweli mdogo umetumiwa kuufunika ukweli mkubwa.

Afisa aweza kujitetea, akasema, "Nikikiri kuwa nimeshindwa, mwakani nitanyimwa fedha, na mwenzangu aliyeipamba taarifa yake atapewa." Hoja hii haifai kudharauliwa. Bunge lishangiliapo tarakimu nene na kumkaripia mkweli, hufundisha uongo bila ya kukusudia. Hatia hii ina wazazi wawili: msemaji afichaye na msikilizaji asiyeuliza. Hata hivyo, hofu hueleza kosa, hailiondoi. Mithali husema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Afisa afichaye kasoro za kazi yake huficha maradhi ya watu wengine, nao ndio waumiao.

Basi mbunge, au mwakilishi wa wadi, na aulize mambo matatu: Uliahidi nini? Ni nini kilichobadilika katika maisha ya watu? Na kilichoshindikana, kimeshindikana kwa nini? Akijibiwa kwa ukweli, na atenganishe aliyezuiwa na ukame na aliyezuiwa na tamaa, maana wawili hao hawastahili hukumu moja.

Wewe, msomaji, pengine hujakabidhiwa idara. Lakini mwalimu akikuuliza kama umesoma, nawe ukajibu kuwa umesoma kurasa ishirini, hali hukuelewa hata moja, umekwisha andika taarifa kama ile ya idara ya maji. Jizoeze leo kusema, "Nimesoma, lakini sikuelewa." Ni maneno machache, na ni machungu, lakini asiyeyaweza darasani, mbele ya mwalimu mmoja, atayapata wapi siku atakaposimama mbele ya Bunge?