Usikimbilie Beseni

Saa nane usiku bodaboda inasimama nje ya kituo cha afya. Mama anamshusha binti yake wa miaka 14, amemzungushia khanga mbili juu ya gauni lililochanika. Tabibu wa zamu amesindikiza mgonjwa hospitali ya wilaya. Uliyebaki ni wewe, nesi, pamoja na mwenzako aliyeko leba na wajawazito wawili. Mtoto anatetemeka, magoti yana udongo, na kila ulichofundishwa na mama yako kabla hata hujaingia chuo kinakwambia ulete beseni la maji ya moto, umwogeshe, umvalishe nguo safi, umpe chai.

Huruma hiyo usiitupe. Icheleweshe tu.

Mate, manii, damu iliyo chini ya kucha, unywele mmoja usio wake, udongo wa pale alipoangushwa: vyote hivyo vimo mwilini na nguoni mwake kwa muda mfupi, na maji huondoka navyo. Gauni lililokwisha kufuliwa na shangazi mwenye nia njema, hata likifika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, huenda lisiwe na la kusema. Polisi hawajafika, hakimu hajalisikia jina la binti huyu, na tayari ushahidi wa kesi yake uko mikononi mwako. Kazi hiyo ina jina: uuguzi wa kisheria. Umekuwa ukiifanya miaka yote hii hata kama chuoni hawakukutajia, basi heri uifanye ukiijua.

Waliotutangulia hawakuanza na majengo. Mwaka 1976 huko Memphis, Marekani, wauguzi walianza kuwapima wenyewe watu waliobakwa. Katika vyumba vya dharura vya nchi ile wanawake hao walikuwa wakiachwa benchi saa nyingi wakimsubiri daktari, ambaye naye mara nyingi hakufundishwa kuchukua vielelezo. Mwaka 1992 wauguzi zaidi ya 70 wakakutana Minneapolis wakaunda chama chao cha kimataifa, Virginia Lynch akiwa rais wake wa kwanza. Miaka mitatu baadaye chama cha wauguzi cha Marekani kikautambua uuguzi huo kuwa fani kamili. Benchi lile unalijua. Liko hata kwenye korido yako.

Turudi kwa binti. Uhai kwanza: kama anavuja damu, zuia damu. Akitulia, mweleze kila hatua, uombe ridhaa yake na ya mama yake kabla ya kumgusa, maana usiku huu ameshashikwa bila kuulizwa. Akikataa kuchukuliwa vielelezo, dawa zake apewe vilevile. Dawa za kukinga VVU zianze mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na zitaendelea kwa siku 28. Kuzuia mimba bado kunawezekana hadi saa 120, ila kila saa inayopita inapunguza nguvu ya dawa. PF3, ile fomu ya polisi, itajazwa, lakini dozi ya kwanza isisubiri karatasi.

Avue nguo akiwa amesimama juu ya karatasi safi, ili kinachodondoka kisipotee. Kila vazi liingie kwenye bahasha yake ya kaki. Karatasi, tafadhali, mfuko wa plastiki uache jikoni: plastiki hufungia unyevu ndani, nguo ikaota ukungu, na ukungu ukala kile unachokitunza. Vijiti vya pamba vikauke kwa hewa kabla ya kufungwa. Gundisha bahasha, weka saini juu ya mdomo wake, andika tarehe na saa, ifungie kabatini. Afande wa Dawati la Jinsia na Watoto akija kuichukua, aandike jina, namba yake na saa kwenye kitabu cha makabidhiano. Hapo ndipo wakili wa utetezi atakapopenda kuchimba: bahasha ilikuwa wapi kati ya saa kumi alfajiri na saa nne asubuhi, na ufunguo alikuwa nao nani? Jibu likiwa limeandikwa, atalihamishia jembe lake kwingine.

Halafu kalamu, ambayo huwaangusha hata wauguzi hodari. Andika maneno ya binti kama alivyoyatamka. Akisema "alinifanyia tabia mbaya", usimrekebishie kuwa "aliingiliwa kimwili", maana hakimu anapaswa kumsikia mtoto, asikusikie wewe. Usiandike "anadai". Neno hilo limebeba shaka ambayo si kazi yako kuitia, "anasema" latosha. Wala usiandike "bikira" au "si bikira": mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na wenzake wa Umoja wa Mataifa walitaka vipimo vya bikira vikomeshwe, kwa kuwa havina msingi wa kisayansi. Mwili usio na jeraha haumaanishi kwamba hakubakwa. Ulichokiona kipime kwa rula, kichore kwenye mchoro wa mwili, kisha nyamaza. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishasema mwaka 2006 kwamba ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe, na maandishi yako ni mkongojo wa kumsaidia asimame pale kizimbani. Nawe unaweza kuitwa. Pengine itakuwa miaka miwili baadaye, umeshahamishiwa mkoa mwingine, uso wa binti umekutoka. Utakachokuwa nacho ni karatasi.

Kazi hii haiishii kwenye ubakaji. Kijana aliyechomwa kisu, mkasi wako upite mbali na tundu la shati. Mke aliyekabwa koo anaweza kufika bila alama yoyote shingoni. Isikilize sauti iliyokauka, tazama vidoti vyekundu machoni, usiharakishe kumrudisha nyumbani. Na yule bibi aliyeletwa na wajukuu kwamba "ameanguka" tena, mara ya tatu mwezi huu, muulize akiwa peke yake.

Utaniambia hiyo ni kazi ya daktari. Daktari atafika asubuhi, na binti atakuwa ameshakaa nawe saa sita. Utaniambia hatujapelekwa semina. Ndugu yangu, tukingoja semina yenye posho tutastaafu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu huduma za kitabibu na kisheria kwa waliofanyiwa ukatili wa kingono upo tangu 2003, na mtaala mzima wa kuwafundisha watoa huduma ulitoka 2019. Vyote unavipakua bure kwa bando la siku moja. Wizara ya Afya ya Tanzania ilitoa mwongozo wake mwaka 2011. Ulizia kwa mganga mfawidhi, pengine umo drooni. Wakenya wana fomu yao ya huduma baada ya ubakaji, inayojazwa nakala tatu, na inafaa kuisoma hata ukiwa Handeni kwa jinsi inavyokufundisha cha kuuliza. Kile chama cha Minneapolis kinataka saa 40 za masomo kabla ya mazoezi ya vitendo. Saa 40! Wapo waliozimaliza mwezi huu kwenye tamthilia za Kituruki, na nina hakika wakiamua watazipata tena.

Ukipata nafasi ya kusafiri, tazama kituo cha Mkono kwa Mkono pale hospitali ya Mnazi Mmoja, Zanzibar, au Isange ya Kacyiru, Kigali, iliyoanza 2009: tiba, polisi na ushauri nasaha mahali pamoja, mtoto hasimulii yaleyale kwenye milango mitano. Usipoipata, anza na ulichonacho. Mwombe mganga mfawidhi kabati moja lenye kufuli. Mwalike afande wa dawati mnywe chai, mkubaliane namna ya kukabidhiana kabla hamjakutana na kesi. Siku ya mapumziko nenda mahakama ya wilaya, kaa nyuma, usikilize mashahidi wanavyohojiwa.

Zamu yako ya leo inaanza jioni. Duka la vifaa vya shule halijafungwa bado. Pitia ununue bahasha kumi za kaki, uziweke kabatini, na umwonyeshe mwenzako wa leba zilipo.