Anachodai Mjane

Mtu anapofia kazini, mkewe na wanawe humdai nini hasa mwajiri? Roho haina bei. Sheria ya Ujerumani ya bima ya ajali kazini, ya mwaka 1884 enzi za Kansela Bismarck, ilihesabu pato: mjane asilimia 20 ya alichokuwa akipata marehemu, kila mtoto asilimia 15 hadi atimize miaka 15, na jumla isizidi 60. Hakuna aliyetakiwa kuthibitisha kosa la mwajiri, na huo ulikuwa ukombozi mkubwa.

Lakini sheria hiyohiyo ilimkatia mjane pensheni akiolewa tena: alipewa mkupuo wa miaka mitatu, basi. Hapo ndipo ninapogoma. Kama malipo yale ni msaada, sawa, na ukome akipata wa kumtunza. Kama ni deni, ndoa mpya inalifutaje?

Nami nashikilia kwamba ni deni. Mkataba wa kazi una sahihi mbili tu, ilhali kazi yenyewe ina mikono mingi. Kuna aliyewasha jiko alfajiri, aliyemuuguza mgonjwa akapata nguvu za kurudi kazini, aliyebaki kijijini na watoto ili mwenzake akachimbe tanzanaiti Mererani. Jasho lao limo katika kila jiwe lililotoka shimoni. Kifo kinapokuja, wao wamekwisha kutoa sehemu yao na hawawezi kuidai kwa marehemu.

Tanzania ilitunga Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi mwaka 2008. Mfuko wake huchangiwa na waajiri peke yao, mfanyakazi hakatwi hata senti. Naona humo ukiri kwamba mwajiri ndiye mdaiwa. Machi mwaka huohuo, mafuriko yaliingia mashimo ya Mererani yakaua makumi ya wachimbaji. Lakini mwanaapolo, yaani mchimbaji wa kawaida wa mashimo hayo, hulishwa na mwenye kitalu cha uchimbaji na kungoja mgawo siku jiwe litakapotoka. Mshahara wa mwezi hana. Mjane wake apewe asilimia ya nini? Wengi huambulia rambirambi za majirani na nauli ya kusafirisha maiti. Ikiwa deni limezaliwa na kazi, halikuzaliwa na karatasi, basi mwenye kitalu analo pia, na kima cha chini cha mshahara wa sekta ya madini kingetosha kuanzia hesabu.