HAKI YA MWANA-MBUZI KATIKA MAZIWA YA MAMAYE

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Masika yaingiapo mwezi wa Machi, majani huchipuka katika mashamba ya Unguja na Pemba na Mrima. Mbuzi huzaa wakati wowote, lakini wana wazaliwao majira haya humkuta mama amepata malisho na kiwele kimejaa. Ni neema kubwa, na neema ina hesabu.

Qur'ani Tukufu, katika Suratun-Nahli, yatuonya tuzingatie maziwa yatokayo baina ya kinyesi na damu, nayo ni safi. Watu huisoma aya hiyo wakaishia katika utamu wa maziwa, wasiulize yaliumbwa kwanza kwa ajili ya nani.

Tazama, ewe ndugu, jambo litendekalo. Mbuzi huzaa usiku wa mvua. Asubuhi mwenyewe huja na chombo akakama dang'a yote, kwa kuwa nyumbani waipenda, au jirani ameiomba. Na mwana amefungwa kamba kando, analia. Siku ya tatu mwana yule huharisha akafa, na mwenyewe husema, "Amri ya Mungu." Naam, kila jambo ni amri Yake, lakini kamba ile aliifunga nani?

Matabibu wa wanyama wamebainisha kwamba mwana-mbuzi huzaliwa hana kinga ya maradhi katika damu yake. Kinga hiyo huipata katika dang'a, na tumbo lake huweza kuipokea kwa kiasi cha saa 24 tu. Tena bora ni saa za mwanzo. Aliyemnyima siku hiyo hawezi kumlipa kesho.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii walikwisha likata jambo hili kabla ya ilimu hiyo. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ametaja katika Minhaj, mlango wa nafaqa, wajibu wa kumlisha na kumnywesha mnyama, na kwamba asikamwe kiasi cha kumdhuru mwanawe. Waliomsherehesha wakaeleza: kikamwacho ni kilichozidi baada ya mwana kushiba. Basi kipimo si kibaba. Kipimo ni tumbo la mwana-mbuzi.

Huenda mtu akasema, "Mbuzi ni mali yangu, nimemnunua kwa fedha yangu." Yule mwanamke aliyetiwa motoni kwa sababu ya paka, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, naye alimfunga paka mwenyewe, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Na Abu Dawud amepokea kwamba masahaba walipochukua makinda ya ndege, na mama akaja akipigapiga mbawa, Mtume aliamuru warudishiwe mama yao.

Wala haikusudiwi kwamba maskini asinywe maziwa ya mbuzi wake. Kuacha kukama hata kiwele kikamuumiza mnyama, hilo nalo ni haramu. Na mwenye dhiki ya kweli ana hukumu yake, amwendee mwanachuoni amwulize. Illa aghalabu ya wakamao dang'a hawana dhiki, wana uchu.

Tena wamependekeza kwa mwenye kukama asikikaushe kiwele, abakishe kidogo. Na kabla ya kuketi chini ya mbuzi akate kucha zake, zisije zikamkwaruza chuchu.