Mwenye shamba na ndege wa kichakani

Mabonde ya Mukurwe-ini, kusini mwa Nyeri, ni mojawapo ya makao machache ya ndege asiyepatikana popote duniani ila Kenya. Anaitwa zogoyogo wa Hinde. Ana macho mekundu, na manyoya yake ya hudhurungi yana madoa meupe yanayotofautiana kutoka ndege mmoja hadi mwingine. Huishi katika vikundi vidogo vya jamaa wanaosaidiana kulea makinda, wakitafuta wadudu na matunda ndani ya vichaka vizito vya kingo za mito na miteremko mikali. Vichaka hivyo vimebanwa kati ya mikahawa, mahindi na napia. Vikifyekwa, kikundi hakina pa kuhamia, kwa kuwa shamba la jirani nalo limelimwa hadi mtoni. Je, mwenye hatimiliki anadaiwa chochote na ndege huyu? Naamini anadaiwa, na wala deni hilo halitokani na faida ambayo ndege anamletea.

Nasema hivyo kwa sababu watetezi wa ndege wamezoea kuanzia kwenye faida. Kule Kiawara, upande wa Kieni, hoja hiyo imefanya kazi nzuri: bundi wa Mackinder, ambaye wengi walimwogopa kama mleta kifo, sasa analindwa na wakulima kwa kuwa anakula panya wa mashambani na wageni hulipa ili wamwone. Ni jambo la kushukuru. Lakini anayelindwa kwa sababu ya faida hukosa mtetezi siku sumu ya panya inapokuwa rahisi kuliko yeye, au wageni wanapoacha kuja. Zogoyogo yuko pabaya zaidi, maana ni wachache waliowahi kumpigia hesabu ya shilingi.

Tuitazame basi hatimiliki yenyewe. Mpango wa Swynnerton wa serikali ya kikoloni, wa 1954, uliharakisha kuunganishwa kwa vipande vya ardhi vilivyotawanyika, kila mwenye shamba akapewa karatasi yake, na kahawa ikaenea kwa wakulima wadogo. Karatasi hiyo inamaliza ugomvi kati ya mtu na mtu. Haikuandikwa kujibu swali la kiumbe ambaye alikuwa bondeni kabla ya mipaka kupimwa. Wazee wa Kikuyu waliomwomba Ngai, yaani Mungu, wakielekea Kirinyaga, ndio Mlima Kenya, waliujua ukomo wa haki ya mwenye shamba: mugumo, mti wao mtakatifu, uliachwa, hata kama ulisimama katikati ya shamba. Mtetezi wa mazingira Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940, alisimulia jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mti huo kwa kuwa ni wa Mungu. Waliokuja kuwa Wakristo walikuta katika Mambo ya Walawi amri ya kutovuna pembe za shamba, na katika Kumbukumbu la Torati katazo la kumchukua ndege mama pamoja na makinda yake. Katazo hilo halimnyimi mtu chakula, kwani makinda anaruhusiwa kuyachukua. Linamzuia kumaliza kila kitu. Kurani nayo inawaita ndege umma mfano wetu. Mapokeo haya yanatofautiana kwa mengi, lakini hakuna hata moja linalomkabidhi mwenye shamba kila kilicho ndani ya mpaka wake.

Pingamizi lililo zito ni la umaskini. Shamba limegawanywa kwa wana na wajukuu, na robo ekari haina pembe ya kusaza. Mtu anayelisha watoto kwa mahindi ya mteremkoni hapaswi kuhukumiwa, na sitamhukumu. Hata hivyo kichaka cha ukingoni ndicho kinachoushika udongo ambao mvua za masika zingeupeleka mtoni, na mnywaji wa kahawa ya Nyeri kule Ulaya anaweza kulipia kichaka hicho katika bei. Pingamizi la pili ni kwamba sehemu kubwa ya vichaka hivyo ni lantana, gugu la kigeni linalodhuru ng'ombe. Kweli kabisa. Ila ndege alihamia humo baada ya vichaka vya asili kuondolewa, kwa hiyo lantana ing'olewe polepole, huku miti na vichaka vya kienyeji vikipandwa mahali pake. Kupanda miti tu hakutoshi: kanuni za 2009 zilitaka asilimia 10 ya shamba iwe na miti, na sharti kama hilo linaweza kutimizwa kwa mikalitusi, ambamo zogoyogo hawezi kuishi.

Wa kwanza kudaiwa, kwa maoni yangu, si mwenye robo ekari. Ni makanisa na taasisi zilizopata ardhi kubwa tangu enzi za wamisionari, ambazo zinaweza kuacha ukingo mzima wa mto bila mtoto yeyote kukosa chakula. Zikianza hizo, mahubiri kuhusu uumbaji yatakuwa na kitu cha kuonyesha kwa mkulima anayeombwa aache mita chache.