Hereni ya Ng'ombe na Mpaka wa Amri

Ewe ndugu msomaji, swali lenyewe ni hili: mtawala akiamrisha jambo la dunia, naye ametegemea elimu ya mabingwa, yampasa raia kutii hata wapi, na wapi ana haki ya kusema hapana?

Swali hili si la vitabuni tu. Mwezi wa Juni 2025, katika Bariadi, mji ulio makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya nchi nzima ya kuchanja mifugo na kuitambua. Ng'ombe achanjwe homa ya mapafu, mbuzi na kondoo wachanjwe sotoka yao, kuku wachanjwe kideri. Kisha mnyama avishwe hereni yenye namba, na namba ile iingie katika daftari la Serikali, ambalo siku hizi si la karatasi bali ni la mashine. Jambo la namna hii halipiti kimya palipo na wafugaji. Mmoja husema: ng'ombe ni wangu, nimewarithi kwa baba, nani amenipa mshirika ndani ya zizi langu? Wa pili humjibu: Serikali ina wataalamu, nawe hujui kusoma hata chupa ya dawa. Na wa tatu hunyamaza, usiku akawahamisha nusu ya ng'ombe wake kwa shemeji yake, ili hesabu isitimie.

Ndugu wa pwani asiseme kwamba ng'ombe wa Wasukuma hawamhusu. Ng'ombe wa kanda ya ziwa hushushwa mpaka mnada wa Pugu, na nyama yao huliwa Dar es Salaam. Na mtu anunuapo ng'ombe wa kuchinja katika Idi ya Mfunguo Tatu, huenda akamkuta na hereni ile sikioni. Hapo atauliza, wala hana budi kuuliza, kama mnyama huyo asihi kwa udhuhiya au hasihi. Jawabu lake litakuja mwisho.

Kwanza yafaa kumsikiliza yule aliyehamisha ng'ombe usiku, kwani watu wengi humcheka bila kujua alikotoka. Kuanzia mwaka 1947 watawala Waingereza waliweka katika Usukuma mpango mkubwa wa kustawisha ardhi. Mabwana shamba wao walisema kwamba ng'ombe wamezidi malisho, na udongo unachukuliwa na maji. Katika hilo hawakusema uwongo mtupu. Lakini wakayageuza maneno ya elimu kuwa amri za faini: lima matuta namna hii, punguza ng'ombe kiasi hiki kila mwaka. Mwenye ng'ombe alihesabiwa, na kuhesabiwa kukawa ndiyo njia ya kupunguziwa. Watu wakachukia, na chuki ile ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowavuta kwenye siasa, hata chama cha TANU, kilichozaliwa mwaka 1954, kikazuiwa katika Usukuma mpaka mwaka 1958. Basi mjukuu wa watu wale akimwona bwana mifugo na daftari, moyo wake hukumbuka asiyoyaona kwa macho yake. Si ujinga huo, ni kumbukumbu.

Wala jambo lenyewe la alama halikuanza juzi. Sheria ya kutambua na kusajili mifugo ilitungwa mwaka 2010. Kisha ikaja chapa ya moto, iliyopigwa nchi nzima mwaka 2017. Halafu zikaja hereni za kielektroniki, kwa ada ya mfugaji mwenyewe kwa kila kichwa, na mwaka 2022 wabunge wakazilalamikia hata zoezi likasimamishwa. Mtu aliyepiga chapa mara ya kwanza, akaambiwa mara ya pili kwamba chapa haitoshi, ana haki ya kuuliza kama kweli elimu imebadilika au ni mkono wa mwenye kupokea ada tu uliobadilika. Safari ya mwaka 2025 Serikali ilitangaza kubeba sehemu ya gharama ya chanjo, na kuku kuchanjwa bure. Na hilo peke yake ni ushahidi kwamba malalamiko ya kwanza hayakuwa upuuzi.

Sasa tuje kwenye sharia. Wako wasemao kwamba kumtia mnyama alama ni bidaa ya Wazungu. Hawa hawakusoma. Imepokewa kwa Anas bin Malik, katika Bukhari na Muslim, kwamba alimkuta Mtume, rehema na amani zimshukie, akiwatia alama wanyama wa sadaka kwa mkono wake mtukufu, na katika mapokezi hayo yametajwa masikio ya kondoo. Alichokikataza ni kumpiga mnyama chapa usoni. Na Imam Nawawi, ambaye watu wa pwani hii husomea kitabu chake cha Minhaj, ameieleza alama ya wanyama wa zaka kuwa ni sunna. Basi asili ya alama ni halali. Kilichobaki ni nani aamrishe, na kwa maslaha ya nani.

Katika hilo madhehebu yetu yana kanuni iliyo wazi, naye Imam Suyuti ameiandika katika al-Ashbah wa-n-Nadhair: uendeshaji wa mtawala juu ya raia wake umefungwa na maslaha yao. Asili yake ni kauli ya Imam Shafii aliyemfananisha mtawala na msimamizi wa yatima. Tazama mfano huu ulivyo mzito. Msimamizi ana nguvu ya kweli juu ya mali ya yatima, tena bila kumwomba ruhusa kila siku. Lakini hana hata pesa moja ya kuichezea, na yatima akibaleghe atamwomba hesabu. Anayesema kwamba Serikali haina amri kabisa juu ya zizi la mtu amekata nusu ya mfano, na anayesema kwamba yote iyatakayo ni halali amekata nusu ya pili.

Kwa hiyo chanjo na hereni si jambo moja, ingawa vimekuja katika gari moja. Ugonjwa wa ng'ombe wa huyu hauishi katika zizi la huyu. Simiyu watu huchunga pamoja, na wakati wa kiangazi hunywesha katika lambo moja. Homa ya mapafu hupita kwa pumzi ya mnyama hata kwa mnyama aliye karibu naye. Na Mtume amemkataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwa mwenye ngamia wazima. Katazo hilo ni juu ya mwenye mali katika mali yake mwenyewe, kwa sababu ya haki ya jirani. Basi ikiwa waganga wa mifugo waaminifu wamethibitisha kwamba chanjo huzuia madhara hayo, mtawala akilazimisha hakudhulumu. Na mfano wa faida yake upo: sotoka ya ng'ombe, iliyofagia mifugo ya Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890, ilipigwa kwa chanjo iliyotengenezwa na Walter Plowright huko Muguga, Kenya, hata mwaka 2011 ikatangazwa kuwa imetoweka duniani. Kama kila mwenye zizi angelisema yangu ni yangu, ingalikuwapo hata leo.

Ama asemaye kwamba kuchanja ni kukimbia kadari, arejee safari ya Sayyidna Umar kuelekea Shamu. Alipopata habari ya tauni aliwataka shauri Muhajirina, kisha Ansari, nao wakahitilafiana mbele yake, wala hakumtia mtu gerezani kwa kuhitilafiana. Alipoazimia kurudi, Abu Ubaida akamkabili kwa neno hilo hilo la kadari, naye akamjibu kwa mfano wa mchunga ngamia aliyefika bonde lenye pande mbili, moja ya majani na moja kavu: popote achungapo, amechunga kwa kadari ya Mungu. Tena baada ya shauri ndipo alipotokea Abdurrahman bin Auf na hadithi ya Mtume iliyoafiki rai yake. Amiri wa Waumini aliuliza kabla ya kuamrisha.

Hereni ni jambo jingine. Ina faida: ng'ombe aliyeibwa hujulikana, na ugonjwa ukizuka hutafutwa ulikotoka. Lakini faida hiyo hutegemea uaminifu wa mwenye daftari. Ikiwa hesabu itatumika kwa chanjo na kwa wizi, kama ilivyosemwa, ni maslaha. Ikiwa kesho itageuzwa kuwa mlango wa kodi isiyotangazwa, au wa kupunguza mifugo kama zama za Waingereza, basi sharti limevunjika. Mwenye kushuku ana haki ya kudai sharti hilo litajwe kwa maandishi, mbele ya watu, kwenye mkutano wa kijiji. Hana haki ya kusema uwongo. Yule wa tatu, aliyeficha ng'ombe kwa shemeji, kama ni Muislamu, na aangalie vyema: mtu akizoea kuwa na hesabu mbili za ng'ombe, ya bwana mifugo na ya moyoni, siku ya zaka atatoa kwa ipi? Nisabu huanza kwa ng'ombe 30, na Mola wake hahitaji hereni.

Bwana mifugo naye asijione kwamba elimu yote iko katika sanduku lake. Mtume alipowaona watu wa Madina wakipandishia mitende, akatoa rai yake, nao wakaacha, matunda yakapungua. Akawaambia kwamba wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Hadithi hii kila upande huivuta kwake. Mtaalamu huitumia kuwanyamazisha masheikh, na mfugaji huitumia kumnyamazisha mtaalamu. Ukweli ni kwamba wote wawili ni watu wa mitende. Mmoja anajua kijidudu, na mwingine anajua ni ng'ombe gani ana mimba, na ni mwezi gani kundi limedhoofu kwa njaa lisivumilie kukimbizwa na kufungwa. Amri iliyotungwa bila elimu hii ya pili huua ndama, na mfugaji aliyepoteza ndama hatafungua zizi mwaka ujao.

Limebaki lile la udhuhiya. Mnyama aliyekatwa sikio, likaondoka hata sehemu yake, hasihi katika madhehebu yetu kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Ama sikio lililotobolewa au kupasuka, pasipoondoka nyama yake, halidhuru. Pini ya hereni hutoboa, basi mnyama wake anasihi. Lakini hereni huweza kunasa katika miba ikachomoka pamoja na kipande cha sikio. Kwa hiyo mnunuzi aliyeko Pugu alishike sikio kwa mkono wake na kulikunjua hata ncha, kabla hajatoa fedha.