Ukarimu Hutoka Fungu la Nani?



Lugha yetu ina neno moja kwa watu wawili. Mtu usiyemjua akipita mtaani ni mgeni, na mtu uliyemkaribisha ukamtandikia mkeka naye ni mgeni. Anayekuja dukani na fedha mkononi tunamwita mteja. Lakini nyumba inayolaza watu kwa malipo haikuitwa nyumba ya wateja. Inaitwa nyumba ya wageni, na daftari linalokusubiri mapokezi linaitwa kitabu cha wageni, hata kama safu ya mwisho ya ukurasa ni ya kiasi ulicholipa. Tangu likizo iliyopita najiuliza kama lugha ilikosea hapo au iliona jambo. Mtu aliyelipia chumba, je, bado ni mgeni? Na kama ni mgeni, mwenyeji wake ni nani?

Swali hili lilinijia Kilwa Masoko, mji mdogo mtulivu wa pwani ya kusini ya Tanzania, katika mkoa wa Lindi. Mimi na mwenzangu tulitoka Bujumbura kwa basi kwenda harusi ya ndugu Dar es Salaam, tukaona siku zimebaki, tukashuka kusini. Sisi wa Buyenzi, ambao hapa Burundi watu hutuita Waswahili, tumekua tukisikia habari za pwani kama mtoto anavyosikia habari za babu asiyemuona. Tulifikia kwenye nyumba ya vyumba tisa inayotazamana na bahari. Chandarua kilikuwa na kiraka, feni ilizunguka umeme ulipokuwapo, maji ya kuoga yalikuwa kwenye ndoo, na maji ya bahari yakijaa yalikaribia kuigusa baraza ya saruji. Bei ilikuwa ya mwanafunzi, nasi tuliifurahia. Usiku hapakuwa na sauti ila mawimbi, na mara mojamoja mashine ya boti ya wavuvi.

Mwenzangu anasoma uchumi, na msimamo wake alikuwa nao kabla hatujafungua mabegi. Kwake yeye chumba ni ijara: mwenye nyumba anauza manufaa ya kulala kwa siku kadhaa, sisi tunalipa, kila mmoja anachukua chake. Tabasamu la mapokezi limo ndani ya bei kama shuka lilivyomo ndani ya bei. Usimpunje, asikupunje, basi. Kumwita huyo mwenyeji wako ni kujidanganya, na ni kumdanganya naye.

Msimamo huo si wa kubezwa, maana una mizizi katika elimu yetu. Katika Surat an-Nur, baada ya aya zinazotufundisha kubisha hodi, tunaambiwa kwamba hatuna dhambi kuingia majumba yasiyokaliwa na watu ambayo ndani yake tuna manufaa. Baadhi ya wafasiri walisema yanayokusudiwa ni majumba ya kufikia wasafiri njiani. Yaani nyumba ya wageni ina mlango wake ndani ya Qur'ani, tena mlango usiohitaji hodi, kwa kuwa si nyumba ya mtu. Na katika haki ya mgeni, ambayo Mtume (s.a.w.) aliifunga pamoja na kumwamini Allah na Siku ya Mwisho, wanazuoni walitofautiana. Al-Layth bin Saad aliona ni wajibu kumpokea mgeni usiku mmoja, wengi wakaona ni sunna muakkada. Kutoka kwa Wamaliki imepokelewa kauli ya Sahnun kwamba jukumu hili liko kwa watu wa vijijini, kwa sababu mjini msafiri anapata funduki ya kulala na soko la kununua chakula. Mwenzangu alifurahi sana nilipomsomea hilo. Kwa hoja hiyo, gesti ipo ili watu wa mji wasidaiwe.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Jumatano jioni niliuliza mapokezi kama naweza kupata chakula kabla ya alfajiri, kwa kuwa nilinuia kufunga Alhamisi. Nikajibiwa kwa adabu kwamba jiko hufunguliwa saa moja asubuhi. Jibu hilo halikuwa na kosa, ndiyo masharti ya nyumba. Nikanunua mkate na ndizi. Saa kumi usiku mlango ukagongwa. Alikuwa mpishi, mzee wa umri wa babu zetu, ameshika sahani iliyofunikwa na birika la chai ya tangawizi. "Mwanangu, kula daku peke yako kunaleta uvivu," alisema. "Mimi pia nafunga." Tukakaa barazani, tukala wali na kipande cha changu kilichopashwa moto.

Asubuhi nilitaka kulipa. Kwanza nililazimika kuuliza, maana kama mchele ule ulikuwa wa mwenye nyumba, basi ukarimu wake ungekuwa na kasoro ya amana. Akanijibu bila kuudhika kwamba jikoni kwa tajiri hakugusa kitu. Kilikuwa chakula chake cha jioni. Alikula nusu, akaweka nusu.

Msidhani huyu ni mtu asiyejua fedha. Yeye huyohuyo hufua nguo za wageni, na jioni ile nilimpa shati. Akataka shilingi elfu moja na mia tano. Nikamwambia elfu moja, akakataa katakata. Nikatoa elfu mbili, akaenda hadi duka la jirani kutafuta chenji ya mia tano, akarudi nayo. Nguo zilikuwa biashara, na daku halikuwa biashara. Mpaka kati ya viwili hivyo aliujua kuliko mimi na mwenzangu tuliokuwa tukibishana kwa vitabu.

Mchanganyiko huu katika pwani yetu ni wa zamani sana. Ibn Battuta alipopita huku mwaka 1331 aliandika juu ya Mogadishu kwamba meli ikitia nanga, vijana wa mji huenda kuipokea kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akimkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wangu. Mfanyabiashara hushukia kwa huyo mwenyeji, na mwenyeji ndiye humuuzia bidhaa zake na kumnunulia. Mlo na dalali vilikuja katika mashua moja. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba fedha ikiingia mlangoni ukarimu hutoka dirishani, namwambia asome upya.

Ila kuna ukurasa mwingine wa msafiri huyohuyo ulionisumbua zaidi, na unahusu Kilwa yenyewe. Ijumaa baada ya sala tulichukua kibali ofisi ya mambo ya kale, tukavuka kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani, mwendo wa kilomita kama mbili. Msikiti Mkuu wa mawe ya matumbawe bado umesimama na kuba zake, na mbele kidogo, juu ya mwamba unaotazama bahari, yapo magofu ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Huyu ndiye aliyempokea Ibn Battuta. Anamsifu kwa unyenyekevu, kwamba alikaa na mafukara na kula nao, na kwamba kwa wingi wa kutoa kwake aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha Sultani akitoka sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akazivua, akampa. Watu wakasifu. Kisha mwanawe akazichukua nguo zile kwa fakiri na kumfidia watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu wanavyoshukuru, akaamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Nguo zilikuwa zake, zilitoka mwilini mwake. Hapo sina neno, Allah amlipe. Lakini wale ishirini? Ibn Battuta mwenyewe anaeleza kwamba Sultani yule alikuwa akivamia nchi za bara na kuteka ngawira. Msomaji wa pwani huenda akaupita mstari huo haraka. Sisi tuliozaliwa bara tunausoma polepole. Fakiri alipokea, Sultani alisifiwa, msafiri aliandika, na watu ishirini ambao hakuna aliyewauliza majina ndio walioulipia ukarimu ule.

Tangu hapo nikaacha kuuliza kama aliyelipa ni mgeni. Nikaanza kuuliza kilichotolewa kimetoka katika fungu la nani. Sahani ya mpishi ilitoka katika fungu lake. Sikuwa nimemlipa yeye kitu, nilimlipa tajiri. Kwa hiyo nilikuwa mteja wa tajiri na mgeni wa mpishi chini ya paa moja, na kitabu cha wageni hakikusema uongo.

Basi nikanunua kilo mbili za mchele sokoni nikapeleka jikoni, kwa kuwa tumefundishwa pia mgeni asikae mpaka akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Mwenzangu alicheka: "Umemlipa hatimaye!" Sikumjibu, maana mzee aliupika wote usiku uleule akatuita sote, na mlinzi pia. Na ni mlinzi aliyetoboa, akitania huku mdomo umejaa, kwamba huyu anawalisha na huu mwezi wa pili hajapewa mshahara. Mzee alimkemea. Hakukanusha.

Hapo mwenzangu aliacha kula. Akauliza, kwa sauti ambayo sikuizoea, kama tunajua kwa nini chumba chetu kilikuwa bei rahisi.

Nakiri sina jibu bora kuliko swali hilo. Mtume (s.a.w.) alituagiza kwamba mtumishi akikuletea chakula, umkalishe mle naye, au walau umpe tonge, kwa kuwa yeye ndiye aliyevumilia joto na moshi wake. Kukaa mkekani na mpishi kulinifurahisha, na huenda ndiyo sehemu rahisi ya agizo. Ile ya ujira kutolewa jasho likiwa bado bichi ni ngumu, kwa sababu inakupeleka kwa mtu mwingine, mwenye nyumba, ambaye anaweza kukasirika na kumwachisha mzee kazi. Tulibishana hilo mpaka usiku wa manane. Mimi nilisema tumwulize mwenyewe kwanza. Tukamwuliza. Akasema: "Semeni. Ila msiseme nimelalamika, kwa sababu sikulalamika."

Aliyekwenda kusema ni mwenzangu, mtu wa ijara. Msimamizi alimjibu kwamba naye ameajiriwa. Akaomba namba ya tajiri, akampigia palepale, akamwambia kwa heshima kwamba sisi tumelipa manufaa tuliyoyapata, na kwamba katika fedha ile mna haki ya mtu aliyetangulia kuifanyia kazi. Tajiri alikuwa muungwana katika simu. Alisema wageni msimu huu ni wachache na kwamba ataliangalia. Mwenzangu akamwuliza ataliangalia lini. Kukawa kimya kidogo, kisha akataja Jumatatu.

Nimeyaandika haya kwa sababu Ramadhani inakaribia, na jumuiya yetu itaandaa futari ya pamoja kama kila mwaka. Tutawaalika hata wasio Waislamu, nao watasifu ukarimu wetu, na picha zitapigwa. Wanaotupikia wanaanza kuchochea moto tangu adhuhuri nao wamefunga, wanafungua kwa maji wakiwa wamesimama, na wanakula baada ya sisi kumaliza, kilichobaki. Wengine ni dada zetu wa jumuiya, wengine ni akina mama wa jirani ambao kamati huwapa "chochote". Naomba kamati ya mwaka huu ikae nao kabla ya mwezi kuandama, iwaulize nani anatoa kwa ajili ya Allah na nani anafanya kazi ya ujira, na wa ujira watajiwe kiasi.

Mwenzangu anashikilia kwamba kisa chote kinathibitisha hoja yake: mzee hakuhitaji wageni wenye upole, alihitaji mkataba unaotekelezwa. Mimi namwambia kwamba tusingeujua mkataba wala kuvunjwa kwake kama mtu asingegonga mlango saa kumi usiku bila kudaiwa. Tulibishana kutoka Masoko hadi Nangurukuru, na kutoka Nangurukuru hadi Dar es Salaam. Ameniahidi ataandika jibu, na mhariri amemwekea nafasi katika toleo lijalo.