Siri ya Mfalme na Sitara ya Taifa

Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Maana yake ni kwamba mambo ya ndani huyajua aliye ndani. Lakini liko swali ambalo methali hii haikuliuliza, nalo ndilo ninalotaka tulitafakari: je, mwenye mtungi ana haki ya kuificha hata kata yake maji yaliyomo? Yaani, kiongozi aweza kuwaficha wale wale aliowapa kazi ya kumsaidia kuongoza?

Swali hili lina mfano wake katika historia ya Ufaransa. Mfalme Louis wa 15, aliyefariki mwaka 1774, alikuwa na wizara ya mambo ya nje kama wafalme wengine wa Ulaya. Lakini tangu miaka ya 1740 alikuwa pia na mtandao wa pili wa mabalozi, makarani na wapelelezi, walioandikiana naye kwa siri bila ya waziri wake kujua. Mtandao huo uliitwa Siri ya Mfalme. Shabaha yake ya kwanza ilikuwa kumpatia jamaa yake, Conti, kiti cha enzi cha Polandi. Comte de Broglie alipopelekwa Warsaw kuwa balozi mwaka 1752, alichukua maagizo ya aina mbili: ya waziri, na ya mfalme ambayo waziri hakutakiwa kuyajua. Baadaye yeye ndiye aliyekuja kuuongoza mtandao wote.

Tazama basi matokeo yake. Mwaka 1756 Ufaransa ilifanya mapatano na Austria, ambayo ilikuwa rafiki wa Urusi. Na huku watumishi wa siri wa mfalme yule yule waliendelea kuupinga uwezo wa Urusi katika Polandi. Mkono wa kulia ulijenga, wa kushoto ulibomoa, na kichwa kilikuwa kimoja. Mwaka 1764 kiti cha Polandi kilikaliwa na Stanisław Poniatowski, mtu aliyependwa na Urusi. Mwaka 1772 Urusi, Prussia na Austria zilijigawia sehemu kubwa za nchi hiyo, na Ufaransa ikatazama tu. Sisemi kwamba Siri ndiyo iliyoigawa Polandi. Walioigawa ni wale watatu wenye majeshi. Ninachosema ni kwamba kazi ya siri ya miaka zaidi ya ishirini haikuifaa kitu nchi iliyokusudiwa kusaidiwa. Mshika mbili moja humponyoka. Huyu zilimponyoka zote.

Tena, siri ile ilimgeukia mwenyewe. Mwaka 1763, miezi michache tu baada ya mkataba wa amani na Uingereza kutiwa sahihi, mfalme aliamuru pwani ya Uingereza ichunguzwe kwa siri ili siku moja ishambuliwe. Mmoja wa waliokabidhiwa kazi hiyo alikuwa Chevalier d'Éon, aliyekuwa London katika ubalozi. D'Éon aligombana na balozi mpya, akaitwa nyumbani, akakataa kurudi. Mwaka 1764 alichapisha kitabu cha barua za ubalozi, lakini zile za hatari zaidi akabaki nazo. Kila mtu aliyeijua Siri alielewa maana ya kitendo hicho. Mwaka 1766 mfalme alikubali kumlipa livre 12,000 kila mwaka. Bwana akawa anamlipa mtumwa ili mtumwa asiseme.

Mwisho wake unasikitisha zaidi. Mwaka 1773 de Broglie alifukuzwa mjini kwa amri ya mfalme, akapelekwa shambani kwake Ruffec. Na huko huko uhamishoni aliendelea kumfanyia mfalme kazi ile ile ya siri. Hadharani aliadhibiwa, faraghani alitumwa. Mfalme hakuwa na ujasiri wa kumtetea mtumishi wake, maana kumtetea kungekuwa kukiri.

Patatokea mwalimu atakayesema: lakini mfalme yule alikuwa na mamlaka yote, na hakuna dola isiyokuwa na siri. Ni kweli. Nimefanya kazi ya serikali miaka mingi, na najua kuwa yako majalada yasiyofaa kuachwa wazi mezani. Lakini lugha yetu imetupa maneno mawili, siri na sitara. Sitara humkinga anayesitiriwa. Kwa mfano, mgonjwa, mtoto, au taifa lililozungukwa na adui. Hila humkinga yule anayeficha. Zote mbili huvaa nguo moja ya siri, ndiyo maana yatupasa kuuliza kila mara: ni nani anayekingwa?

Nilipokuwa karani kijana katika masjala ya ofisi moja, mkuu wangu aliandika agizo katika jalada, kisha akaninong'oneza agizo jingine kinyume chake. Niliutii mnong'ono. Mambo yalipoharibika, aliyeulizwa ni mwenzangu aliyefuata maandishi, nami nilinyamaza. Siku zile niliuita ukimya wangu uaminifu. Leo naona kwamba sikuihifadhi siri ya ofisi, bali woga wa mtu mmoja, na wangu mimi.

Kwa hiyo, ninyi vijana ambao kesho mtakabidhiwa funguo za makabati, shikeni kipimo hiki. Siri ya halali ina siku yake ya kufunguliwa, na siku hiyo aliyeihifadhi aweza kusimama mbele ya wale aliowahifadhia akawaeleza sababu. Louis wa 15 hakuwaeleza mawaziri wake mpaka kufa, na mrithi wake aliuvunja mtandao ule mwaka ule ule wa 1774. Maji ambayo mwenye mtungi haoni haya kuionyesha kata yake, hayo ndiyo ya kunywa.